Tukamwona Akipanda

Kibanda cha Lufunga kilikaa mgongoni mwa jabali, Mabatini,
kuta ni mabati ya ghala la pamba lililofilisika,
herufi za ushirika bado zinasomeka, zimelala ubavu.
Kiingilio shilingi mia mbili,
au nusu dumu la maji kwa aliyewahi bombani.

Kazi yangu mimi ilikuwa jenereta:
kuinywesha petroli, kuipiga teke ikikohoa,
kumshikia Lufunga maikrofoni akimeza chai.

Alhamisi ile filamu ilikuwa na mnara.
Mnara tu; dunia nyingine yote vumbi.
Lugha yao Lufunga aliijua kwa kubahatisha,
alichojua hasa ni nyuso.
"Jamani, huyu binti tumwite Nyanzobe.
Kazaliwa ghorofa ya arobaini kwenda chini,
mvua yake ni maji waliyoogea wenzake.
Wenye nazo wako juu. Wana jua. Wana bustani ndani ya kioo.
Na hiyo lifti haimjui mtu asiye na muhuri."

Nyuma, mama mmoja aliyekuwa akichambua dagaa kwa kupapasa:
"Wenye nazo wakae juu?
Na maji nani anawapandishia?"

Kicheko kilianzia benchi lake kikaja mpaka kwenye skrini.
Maana juu ndiko tulikokuwa sisi.
Juu kuliko mahakama, juu kuliko benki,
nyumba zimeng'ang'ania mawe kama mbuzi anayechungulia;
na chini, kule Capri Point, watu wana ngazi
zinazoingia ziwani
kama mtu anavyoingia jikoni kwake.
Ziwa zima tulikuwa nalo machoni.
Puani pia, upepo ukitoka viwanda vya minofu.
Kwenye ndoo, hapana.

Lufunga akanyamaza kwa muda wa risasi sita.
Kisha: "Nimekosea, wapendwa. Fundi wao kashika kamera kichwa chini.
Msiamini macho. Nyanzobe anatoka kileleni,
anateremka kudai maji."

Kuanzia hapo
tukamwona akipanda, tukamsikia akishuka.
Kwenye skrini anavuta waya wa lifti, viganja vinachanika;
Lufunga anasema, polepole, mama, hapo pana utelezi,
hapo ndipo alipoangukia mtoto wa Bulugu na ndoo zake mbili.
Tukaguna. Jiwe hilo sote tulilijua.
Walinzi wenye helmeti nyeupe akawaita migambo.
Lango la dhahabu akaliita mita.

Mnara ulipoanza kupasuka hakuna aliyepiga makofi.
Mnara ukianguka wanafukiwa walio chini,
hilo filamu ilikuwa imelisahau.
Na mlima je? Mwaka wa ile mvua jiwe lilitoka kwetu,
likapita na jiko la Nkwimba,
likapita na Nkwimba,
likasimama barabarani mbele ya gari la mtu,
na gazeti likaandika habari za gari.

Petroli iliisha mnara ukiwa nusu.
Lufunga aliendelea bila maikrofoni,
sauti yake ndogo kuliko nilivyodhani,
anamfikisha Nyanzobe ufukweni, anamvua viatu,
mara nje mtu akapiga kelele: Yametoka!
Saa tano usiku, baada ya siku nne, maji.
Kibanda kikabaki na mabenchi, maganda ya karanga,
na Lufunga katikati ya sentensi.

Miaka kumi na minane baadaye niliiona yote, ina maandishi chini,
kwenye sebule yenye mapazia mazito, hatua chache toka ziwani.
Binti anafika juu. Wanamvalisha nguo safi.
Lango linafungwa nyuma yake, polepole, kwa muziki.
Mwenyeji wangu alifuta machozi.
Nikainuka kwenda jikoni.
Glasi ilijaa, ikafurika vidoleni.
Sikufunga bomba mara moja.